Wasomaji Wanauliza: Picha za Mtaa Zipigwe na Wenye Mtaa

Katika toleo lililopita tulichapisha habari fupi kuhusu wakazi wanaopiga picha za mtaa wao wenyewe, wakazitundika mahali pa wazi na kuketi kuzizungumzia, kwa nia ya kujenga umwenyeji, yaani ile hali ya mtu kujiona kwamba hapa ni kwake na kwamba wenzake wanamtambua hivyo. Barua zilizofuata zilikuwa nyingi kuliko nilivyotarajia, na nyingi zimeandikwa na watu ambao tayari wamejaribu na kukwama mahali fulani. Nimechagua sita, nikazifupisha bila kubadili maana na kuondoa majina ya walioziandika.

SWALI: Mimi ni katibu wa kamati ya wakazi. Zaidi ya nusu ya watu wetu ni wapangaji waliohamia katika miaka ya karibuni, na unaweza kuishi mlango kwa mlango na mtu mwaka mzima bila kulijua jina lake. Mjumbe mmoja amependekeza tuanzishe kikundi cha kupiga picha za mtaa, lakini wengine wanasema huo ni mchezo wa vijana. Je, ndugu mwandishi, picha zinaweza kweli kumfanya mpangaji ajione mwenyeji?

JIBU: Ndugu katibu, picha peke yake haiwezi. Nalisema hili mapema kwa sababu nimeona vikundi vikikusanya mamia ya picha, vikazihifadhi kwenye simu ya mtu mmoja, na baada ya miezi mitatu jirani bado hamjui jirani. Kinachofanya kazi ni mambo yanayoizunguka picha: mtu kutembea mtaani akiwa na sababu ya kutazama, kuomba ruhusa kwa mtu ambaye hajawahi hata kumsalimu, kuketi na wenzake kuamua ni zipi zionyeshwe, kisha kusimama mbele ya picha yake na kumsikia mwingine akisema, "Kumbe na wewe unapita hapa kila siku!"

Mwaka 1986 wanasaikolojia wawili wa Marekani, David McMillan na David Chavis, walijaribu kueleza hisia ya mtu kuwa sehemu ya jamii inajengwa na nini, wakataja mambo manne: kujua kwamba umo ndani wala si mtu wa nje, kuwa na sauti katika yanayoamuliwa, kupata humo mahitaji yako, na kuunganishwa na wenzako kwa yale mliyoyapitia pamoja. Ukiyapima mambo hayo utaona kwa nini picha iliyopigwa na mpigapicha aliyekodiwa, hata ikiwa nzuri sana, haifiki mbali. Inaweza kuwaonyesha wakazi, lakini haiwapi sauti. Mpangaji aliyehamia juzi anapopewa nafasi ya kuamua ni kitu gani katika mtaa huu kinachostahili kutazamwa, amekabidhiwa uamuzi ambao kwa kawaida huachiwa waliozaliwa hapo.

Nikupe mfano mmoja wa karibu. Katika kikundi nilichowahi kukisaidia, mama mmoja aliyekuwa na miezi minne tu mtaani alileta picha ya reli ya ngazi za jengo analoishi. Reli hiyo ina mabomba mawili ya chuma, la juu na la chini. Bomba la juu lilikuwa bado na rangi yake ya kijani, lakini lile la chini, ambalo ni kimo cha kifua cha mtoto, lilikuwa limesuguliwa hadi rangi ikaisha na chuma kikang'aa kama sarafu mpya. Alisema aliipiga kwa sababu tu ule mng'ao ulimvutia asubuhi jua lilipoupiga. Mzee mmoja, ambaye mpaka wakati huo alikuwa amekaa kimya akingoja kikao kiishe, aliinuka akaweka kidole juu ya picha, akaeleza kwamba reli ile iliwekwa alipokuwa kijana, na kwamba watoto wake wanne, ambao sasa ni watu wazima, walijifunza kupanda ngazi kwa kulishika bomba lile la chini. Mwingine akasema hata wake. Yule mama akasema mwanawe wa miaka miwili hulishika vivyo hivyo kila siku. Kuanzia jioni ile mzee akawa anamwita kwa jina la mwanawe, mama fulani, kama wanavyoitana wakazi wengine wa jengo lile. Hakuna kikao cha kawaida cha kamati ambacho kingezaa mazungumzo hayo, kwa kuwa hakuna ambaye angeweka bomba la reli kwenye ajenda.

Jambo jingine ni kwamba picha lazima irudi ilikopigwa. Malick Sidibé, mpigapicha wa Bamako nchini Mali, ambaye mwaka 2007 alitunukiwa tuzo ya Simba wa Dhahabu katika maonyesho ya Venice kwa kazi ya maisha yake yote, katika miaka ya 1960 alikuwa akizunguka kwenye dansi za vijana wa mji wake wikendi nzima, akirudi studio kusafisha filamu usiku, kisha akibandika picha ndogo ndogo nje ya studio ili wenyewe waje wajitafute na kuagiza zao. Hebu fikiria kundi la vijana limesimama mbele ya ubao ule, kila mmoja akitafuta uso wake na kuonyesha wa mwenzake. Leo picha za Sidibé zimo katika majumba ya makumbusho ya dunia, lakini watazamaji wake wa kwanza walikuwa walewale waliopigwa, nao walizitazama wakiwa pamoja.

Kwa hiyo waambie wajumbe wenzako kwamba huu si mchezo wa vijana, ila pia wasitarajie kamera ifanye kazi ya ujirani kwa niaba yao. Kama hamna nafasi ya kukutana na kuzitazama hizo picha mkiwa ana kwa ana, walau mara moja kwa mwezi, afadhali msianze.

SWALI: Tumeanza kikundi cha watu 14, kila mmoja na simu yake. Tuliwaomba wapige picha za mtaa. Tulichopata ni jua likizama, maua na watoto wakicheka. Ni picha nzuri, lakini zingeweza kuwa za mtaa wowote ule. Tumekosea wapi?

JIBU: Mmekosea katika agizo, si katika macho ya watu wenu. Ukimwambia mtu "piga picha za mtaa," atatafuta picha inayofanana na zile alizozoea kuona zikisifiwa. Mpe swali la kujibu, halafu uone.

Kuna kisa ambacho nakipenda sana, kilichosimuliwa na Augusto Boal, mtu wa tamthilia kutoka Brazil. Mwaka 1973, katika mpango wa kufundisha watu kusoma na kuandika nchini Peru, washiriki walipewa kamera na kuulizwa maswali ambayo walitakiwa kuyajibu kwa picha badala ya maneno. Swali mojawapo lilikuwa: unyonyaji ni nini? Mtoto mmoja wa mjini Lima akaleta picha ya msumari uliopigwa ukutani. Watu wazima hawakuelewa, lakini watoto wenzake wote walikubaliana naye papo hapo. Wengi wao walikuwa wang'arisha viatu waliokuja kufanya kazi katikati ya mji kutoka mbali, na masanduku yao ya kazi yalikuwa mazito mno kubebwa kwenda na kurudi kila siku. Hivyo walilazimika kukodi msumari kwenye ukuta wa duka ili waliache sanduku likining'inia humo usiku. Kila walipouona msumari, waliona fedha yao ikienda. Hakuna mgeni, hata awe na kamera ya thamani kiasi gani, ambaye angejua kuupiga picha msumari ule.

Maswali yenu yawe ya namna hiyo, yaani yale ambayo mkazi peke yake ndiye anayeweza kuyajibu. Ni wapi mtaani unapopunguza mwendo, na kwa nini? Ni mlango wa nani ungeugonga usiku wa manane ukipatwa na dharura? Ni kitu gani ambacho kikiondolewa kesho utahisi umepotea njia? Ni mahali gani ulipaogopa ulipohamia na sasa hupaogopi, au bado unapaogopa? Swali hili la mwisho lisiachwe hata mara moja, maana majibu ya wanawake, ya wanaume na ya watoto hutofautiana kiasi kwamba utadhani wanaishi katika mitaa mitatu.

Mkihitaji mpango zaidi, Kevin Lynch, mtaalamu wa mipango miji aliyewahoji wakazi wa Boston, Jersey City na Los Angeles na kuwaomba wachore miji yao kwa kumbukumbu, alionyesha mwaka 1960 kwamba watu hubeba mji kichwani kwa vitu vya aina tano: njia wanazopita, kingo zinazowazuia, maeneo yenye sura moja, makutano, na alama zinazoonekana kwa mbali. Wapeni watu wenu aina moja kila wiki. Kingo, kwa maoni yangu, ndizo huleta mazungumzo mazito, kwa sababu mtu anapopiga picha mahali anaposema "mtaa wetu unaishia hapa," jirani yake wa upande wa pili hupata la kusema.

Wagaweni wawili wawili, aliyekaa siku nyingi na aliyehamia karibuni, na kila mtu alete picha tano tu alizozichagua mwenyewe. Kuchagua tano kati ya sitini ni kazi ya kufikiri, wala asifanyiwe na mwingine. Mnapozitazama pamoja, mwenye picha aongee kwanza. Yapo maswali matano yanayotumiwa sana na vikundi vya aina hii duniani, nayo huulizwa kwa mpangilio huu: Unaona nini hapa? Kwa kweli hapa panatokea nini? Hili linahusianaje na maisha yetu? Kwa nini hali hii ipo? Tunaweza kufanya nini? Msilikimbilie la tano. Nimeona vikao vikiharibika kwa sababu mtu mmoja mwenye juhudi alianza kupendekeza suluhisho kabla mwenye picha hajamaliza kueleza alichokiona.

SWALI: Shikamoo. Mimi ni kijana wa miaka 22. Wazee wa mtaa wetu wamekasirika kwa sababu baadhi yetu tulipiga picha za mtaro ulioziba na jalala. Wanasema tunautia mtaa aibu na kwamba tupige mazuri tu. Sisi tunaona kuficha ni uongo. Nani ana haki?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hofu ya wazee wako ina chanzo. Mitaa mingi ya watu wa kipato cha chini imepigwa picha kwa miaka mingi na watu waliokuja asubuhi, wakachukua jalala na mtoto asiye na viatu, wakaondoka jioni, na wakazi hawakuziona tena picha hizo isipokuwa katika tangazo la kuomba msaada. Aliyeonyeshwa namna hiyo mara moja huogopa kamera hata ikiwa mkononi mwa mjukuu wake.

Lakini nanyi mna haki. Mwaka 1997, katika mtaa wa Mathare jijini Nairobi, vijana 31 wa chama cha michezo cha vijana cha mtaa huo, wenye umri wa miaka 12 hadi 17, walianza kupiga picha za maisha yao kwa kamera za plastiki za bei nafuu na kuandika maelezo yake, wakisaidiwa na mpigapicha Lana Wong. Mradi huo uliitwa Shootback, jina lililobeba wazo la kwamba waliozoea kulengwa na kamera sasa ndio wanaoishika. Hawakuficha shida ya mtaa wao. Kilichobadilika ni kwamba shida ilionekana pamoja na mchezo, na mapenzi, na kazi, na uchovu, kama inavyoonekana katika maisha ya mtu yeyote, na maelezo yaliandikwa na mwenye picha mwenyewe.

Miaka michache kabla ya hapo, katika vijiji vya jimbo la Yunnan nchini China, watafiti Caroline Wang na Mary Ann Burris waliwapa kamera wanawake 62 ili waonyeshe maisha na kazi zao, na njia hiyo baadaye ikajulikana kwa jina la fotovoisi, yaani kusema kwa picha. Picha mojawapo ilimwonyesha mama akipalilia mahindi huku mtoto wake mchanga amelala peke yake kando ya shamba. Picha kama hizo zilizungumzwa na wanawake wenyewe, zikafikishwa kwa viongozi, na miongoni mwa yaliyofuata ni mipango ya malezi ya watoto wa mchana, mafunzo ya wakunga na ufadhili wa masomo kwa wasichana. Tazama jinsi picha ile ilivyo: ingeweza kusomwa kuwa aibu ya mama mzembe, lakini iliposemewa na wanawake wenzake ilieleweka kuwa ni mama asiye na wa kumwachia mtoto.

Basi ninawashauri hivi. Picha ya mtaro msiifute, ila msiitundike bila maelezo, na maelezo yake yaandikwe kwa pamoja na mzee mmoja kati ya hao waliokasirika. Mwulizeni mtaro ulikuwaje zamani, ulianza kuziba lini, nani alikuwa akiuzibua na kwa nini aliacha. Sijawahi kuona mzee akikataa kusimulia hayo. Huenda mkagundua kwamba aibu anayoiona ni ya kazi iliyokuwa ikifanywa na kizazi chake na ambayo imekosa wa kuirithi, na mazungumzo ya namna hiyo ni ya thamani kuliko picha kumi za maua. Kisha kubalianeni picha ya mtaro iende wapi: ndani ya mtaa, ofisi inayohusika, au kwa umma wote. Hizo ni hatua tatu tofauti, na wazee wana haki ya kusikilizwa katika kila moja.

SWALI: Nilimpiga picha jirani yangu akiwa amekaa nje ya nyumba yake jioni. Ilikuwa picha nzuri mno, nikaiweka kwenye kundi la mtaa, na kutoka hapo ikasambazwa. Sasa hanisemeshi. Sikumtukana wala sikumdhihaki. Nifanye nini?

JIBU: Nenda kwake, peke yako, bila simu mkononi, ukamwombe radhi. Usimweleze kwamba picha ilikuwa nzuri. Kwake yeye jambo si uzuri wa picha. Ni kwamba alikuwa katika mapumziko yake, akiamini anaonwa na wapita njia wachache, na wewe ukamfanya aonwe na watu asiowajua. Ifute mahali pote unapoweza kuifuta, waombe waliokuwa nayo wafanye hivyo, na umwambie kwa ukweli ni wapi umeshindwa.

Kwa wasomaji wengine, naomba mzingatie kwamba ridhaa ni tatu, wala si moja. Kuna ridhaa ya kupigwa, ridhaa ya kuonyeshwa mbele ya majirani, na ridhaa ya kuwekwa mtandaoni, ambako picha haina mipaka na haiwezi kuitwa irudi. Mtu anaweza kukubali ya kwanza na ya pili na kuikataa ya tatu, na anaweza kubadili nia yake kesho. Mtoto aombewe kwa mzazi au mlezi, na yeye mwenyewe aulizwe pia, kwa sababu mtoto wa miaka saba anajua vizuri kabisa kama anataka kupigwa picha au hataki. Wapo pia watu ambao kuonekana mahali wanapoishi ni hatari ya kweli: aliyemkimbia mume mwenye kipigo, kwa mfano, hatakueleza sababu yake, naye halazimiki kueleza. Jibu la "hapana" lipokelewe bila kuuliza kwa nini.

Liko na jambo lisiloonekana. Picha ya simu hubeba ndani yake tarehe na saa na, kama huduma ya mahali imewashwa, vipimo vya mahali hasa ilipopigwa. Taarifa hizo ni hazina kwa kumbukumbu za kikundi, lakini ni hatari zikifika mikononi mwa mtu mwenye nia mbaya na mlango wa jirani yako. Wekeni nakala halisi ndani ya kikundi, na zile za kuonyeshwa nje ziondolewe vipimo vya mahali.

Na wewe, mwandishi wa barua, akikusamehe, subiri. Kama siku moja atakuja mwenyewe na kusema, "Ile picha, nipe nakala," mpe iliyochapishwa kwenye karatasi, wala usipige nyingine kabla hajaomba.

SWALI: Simu yangu ni ya zamani na kamera yake ni hafifu. Je, nitawaangusha wenzangu?

JIBU: Hapana. Futa lenzi kwa kitambaa safi na laini kabla ya kila picha, simama huku mwanga ukitoka nyuma yako au ubavuni, sogea karibu badala ya kuvuta picha kwa vidole, na ubane viwiko mbavuni ili mkono usitetemeke. Watoto wa Mathare walikuwa na kamera za plastiki. Wenzako wanahitaji kujua unaishi upande gani na unaona nini kutoka hapo, na hilo simu yako inaweza kulisema.

SWALI: Mtaa wetu utabomolewa. Tumepewa notisi, na baadhi ya familia zimekwisha kuondoka. Mimi ni mwalimu mstaafu, nimeishi hapa miaka 41. Binti yangu ananiambia nipige picha kila kitu. Moyo wangu unasema, kwa nini nijenge kumbukumbu ya mahali ambapo hapatakuwapo? Hata umwenyeji wenyewe utakuwa wa wapi?

JIBU: Mwalimu wangu, barua yako niliisoma mara tatu kabla ya kuanza kuandika. Pole sana.

Jijini Cape Town kulikuwa na mtaa ulioitwa District Six. Tarehe 11 Februari 1966 serikali ya ubaguzi wa rangi iliutangaza kuwa eneo la Wazungu peke yao, na katika miaka iliyofuata watu wapatao 60,000 walihamishwa kwa nguvu na nyumba zao zikabomolewa. Mwaka 1994 lilifunguliwa jumba la makumbusho la mtaa huo ndani ya kanisa la zamani la Kimethodisti. Sakafuni humo imetandazwa ramani kubwa ya barabara zilizokuwapo, na wakazi wa zamani wameandika majina yao juu yake, pale palipokuwa na nyumba zao. Kutani zimo picha ambazo nyingi zilitoka katika albamu za familia: watu mbele ya milango yao, harusi, watoto barabarani. Waliozipiga hawakujua kwamba wanaandaa ushahidi. Lakini watu walipoanza kudai ardhi yao irudishwe na majina yao yatambuliwe, kumbukumbu za namna hiyo zilikuwa sehemu ya nguvu waliyokuwa nayo. Umwenyeji wao haukuwa umekwenda na matofali.

Ninyi mna kitu ambacho wengi wao hawakupata, nacho ni muda kidogo wa kufanya kazi hii kwa makusudi. Usipige kila kitu; binti yako anakupenda, lakini kazi hiyo itakuchosha na kukuumiza. Anza na watu mbele ya milango yao, kila nyumba iliyokubali, mkiwa mmesimama umbali uleule kila mara ili picha zikipangwa sambamba zisomeke kama barabara moja. Nenda na mtu wa kuandika. Waulizeni wanakwenda wapi, na kama wakipenda wawaachie namba ya kupatikana, kwa sababu huenda baada ya miaka kadhaa mkataka kuwafuata tena.

Na kufuatana kunawezekana. Milton Rogovin, mpimaji wa macho wa mji wa Buffalo nchini Marekani, alianza mwaka 1972 kupiga picha watu wa mtaa wa kimaskini uliokuwa karibu na mahali pake pa kazi, akiwapa picha zao. Katika miaka ya 1980 alirudi kuwatafuta walewale, akarudi tena miaka ya 1990, na mara ya mwisho mwanzoni mwa miaka ya 2000, akiwa mzee wa miaka zaidi ya tisini. Kijana wa picha ya kwanza ni baba katika ya pili na babu katika ya mwisho. Nami naamini kwamba watu wa mtaa uliotawanyika wanaweza kufanyiana hivyo wao kwa wao, kwa kuwa wanachohitaji ni orodha ya majina na picha ya kwanza.

Kuhusu kutunza picha hizo: jina la kila faili lianze na mwaka, mwezi na siku, kisha nyumba. Wekeni nakala tatu, mbili kwenye vyombo viwili tofauti na ya tatu nje kabisa ya mtaa, kwa ndugu anayeaminika. Msitegemee picha zilizopita katika makundi ya simu, kwa kuwa hubanwa ukubwa na kupoteza ubora. Zitumeni kama faili la hati. Chache zilizo muhimu zichapishwe kwenye karatasi na zitunzwe mbali na jua na unyevu. Nyuma ya picha andika kwa penseli laini, pembeni, bila kukandamiza. Karatasi ikiwa ya plastiki na penseli haishiki, andika kwenye bahasha ya karatasi na uiweke picha humo.

Andika majina kwa mpangilio kutoka kushoto kwenda kulia, na usiandike "jirani" wala "mtoto wa mpangaji." Andika jina kamili kama mwenyewe ameridhia, na jina alilokuwa akiitwa mtaani. Miaka 41 ni mingi, mwalimu, na huenda wewe ndiye mtu pekee anayeyajua yote mawili kwa kila mlango wa barabara ile. Mwambie binti yako alete penseli kwanza, kamera baadaye, mketi leo jioni mwanzie na familia zilizokwisha kuondoka.